Marahaba, Mwanangu

Gulio la Bumbuli lilikuwa linaelekea kuisha. Wauza kabichi walikuwa wanafunga magunia yao, na ukungu ulikuwa umeshaanza kupanda kutoka bondeni, kama unavyopanda kila jioni ya mwezi wa saba. Yudith aliharakisha kati ya meza, binti yake Elinuru akiwa mgongoni ndani ya mbeleko, akimtafuta Nassoro kabla hajafunga.

Nassoro alikuwa fundi na muuzaji wa vitu vidogo vya umeme: chaja, tochi, memori kadi, na vile viredio vya kuchezea nyimbo ambavyo wachumaji wa chai huvining'iniza begani wakiwa shambani. Yudith alitaka kiredio kimoja. Hakukitaka kwa starehe.

Elinuru alikuwa amefikisha miaka miwili na nusu bila kusema neno hata moja. Nesi wa kliniki, mama mpole ambaye husugua viganja vyake vipate joto kabla ya kumgusa mtoto, alimwambia Yudith asikate tamaa. Amwongeleshe, amwimbie, mtoto asikie maneno kutwa nzima. Basi Yudith aliimba. Aliimba akichuma chai mpaka koo likakauka. Na mwezi mmoja uliopita, asubuhi moja ya baridi, Elinuru aliamka, akamtazama usoni, akasema, "Shikamoo mama."

Yudith alikaa chini pale pale jikoni, kwenye majivu, akalia. Mama mkwe wake, Bibi Marietha, alitoka nje na mwiko mkononi kuwaita majirani. Tangu siku hiyo maneno yalikuja moja moja, kama mgeni mwenye haya: bibi, maji, uji, paka, sitaki. Ukijumlisha mama na shikamoo, yalikuwa saba. Yudith aliyajua kama anavyovijua vidole vyake. Sasa alilitaka la nane, na sauti yake peke yake haikutosha tena.

Nassoro alimpangia viredio vitatu juu ya gazeti. Yudith akashika kile chenye kioo kikubwa cha rangi rangi.

"Hicho kizuri kwa kutazama," Nassoro alisema. "Wewe unachuma chai, mama. Mikono imelowa, imejaa utomvu. Utabonyeza nini kwenye kioo? Tafuta chenye vitufe, kidole gumba kikijue bila macho. Ukichagua kwa sura, wiki ijayo utarudi hapa kunitukana."

Cha pili kilikuwa na vitufe lakini hakikuwa na spika. Ni cha kuvaa masikioni, na mtoto wa mgongoni asingesikia kitu. Cha tatu kilikuwa na spika, ila Nassoro mwenyewe alikitikisa karibu na sikio, akasikia kitu kikicheza ndani, akakirudisha kwenye boksi. Alikuwa muuzaji wa namna hiyo.

Ndipo Elinuru aliponyoosha mkono kutoka mgongoni.

Pembeni mwa meza, katikati ya waya zilizosokotana, kulikuwa na kiredio cha bluu kilichochubuka kona zote. Kwenye tundu lake la kuning'inizia kulikuwa na uzi mweusi, umefungwa mafundo madogo madogo, mengi.

"Shikamoo," Elinuru alisema.

Nassoro aligeuka nyuma kuona nani kapita. Hapakuwa na mtu. Akacheka. Akasema mtoto huyu ana adabu kuliko wanawe yeye, anasalimia mpaka viredio. Yudith naye alicheka, kwa furaha ya kusikia neno lile likitoka mbele ya watu.

Kile kilikuwa kimeletwa kutengenezwa miezi mingi iliyopita. Mama aliyekileta hakurudi tena, Nassoro alieleza, na cha ajabu hakikuwa na ubovu wowote. Alikifungua, akakifunga, basi. Vitufe vigumu na imara. Spika ndogo lakini safi. Betri, aliyokuwa akiichaji mara kwa mara ili isife, inamaliza siku nzima. Alisita kidogo, akakigeuza geuza mkononi, kisha akamtazama mtoto aliyekuwa ameng'ang'ania ule uzi, akasema kichukueni tu, kwa bei ya kukisafishia vumbi.

Alifuta kila kilichokuwemo kwenye kadi. "Sasa ni kama kimezaliwa leo," alisema. Akaweka nyimbo arobaini za kwaya za watoto. Alikuwa Mwislamu, lakini alizichagua mwenyewe, moja baada ya nyingine, akisema hizi za Jumapili anazijua kuliko wenyewe waendao kanisani. Alipotaka kuukata ule uzi, Elinuru alipiga yowe. Wakauacha. Nassoro akakifunga kwenye nailoni kisilowe, akamwambia Yudith awahi, giza lisimkute njiani.

Njia ya mkato ya kwenda kijijini kwao, juu ya Mponde penye kiwanda cha chai, hupita katikati ya chai. Ukungu ukishuka humo huoni hata mkono wako. Ndiyo maana wachumaji wa huko wana desturi yao moja, ambayo mgeni hufundishwa siku ya kwanza kabla hajapewa kikapu: ndani ya ukungu, salamu haiitikiwi mpaka umemwona aliyesalimu. Ukisikia shikamoo, unauliza kwanza, "Nani?" Mtu wa kweli atataja jina na kusogea. Asiyetaja, mwache apite. Kwingine kote ungeonekana huna adabu. Kwenye chai ndiyo adabu yenyewe.

Yudith aliijua desturi hiyo tangu utotoni.

Alikifunga kiredio kwenye mbeleko, juu ya bega la kushoto, karibu na mdomo wa mtoto. Kikaimba. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Elinuru alipigapiga miguu yake kwa furaha. Harufu ya chai iliyokaangwa ilitoka kiwandani. Yudith alitembea haraka, akiimba sauti ya pili.

Kisha wimbo ukakatika.

Kimya.

Chwa… chwa… chwa… Sauti ya majani ya chai yanayopanguswa na mtu anayepita. Harufu ya kiwanda ikapotea, ikaja nyingine. Harufu ya udongo mbichi. Udongo uliochimbwa asubuhi ile ile.

"Shikamoo mama."

Ilitoka pale begani, kisauti chembamba, na Yudith alitabasamu bila kusimama. Nani aulize "Nani?" kwa mtoto aliye mgongoni mwake mwenyewe?

"Marahaba, mwanangu," alijibu.

Akapiga hatua tatu. Ya nne haikwenda.

Shingoni kwake alihisi pumzi ya Elinuru, ndefu, nzito, ya mtoto aliyelala zamani.

Na kwenye bega la kushoto, ndani ya kiredio, kitu kidogo kilicheka.

Asubuhi iliyofuata Yudith alipiga magoti kando ya kitanda, akasubiri kusalimiwa. Elinuru aliamka. Akamtazama. Midomo ikasogea kama inayotafuta kitu kilichokuwa hapa jana. Hakikutoka.

Bibi Marietha alisema ni usingizi tu. Akampa uji, akampepelea upoe. Mtoto alisema "uji" na "bibi", wakafarijika. Yudith alikichukua kiredio, akakitazama kwenye kioo chake kidogo kisichoonyesha kitu zaidi ya namba. Nyimbo zilikuwa arobaini. Sasa zilikuwa arobaini na moja.

Alibonyeza. Chwa… chwa… "Shikamoo mama." Ilikuwa sauti ya mtoto asiyemjua. Yudith alijiziba mdomo kwa kiganja asiitikie. Sauti ikangoja. Ikarudia, safari hii kwa kununa, kama mtoto aliyenyimwa. Yudith alikizima, akakitia kwenye kopo la majani ya chai, akafunika, akaweka jiwe juu.

Halikusaidia kitu.

Siku ya pili paka alipita jikoni, Elinuru akamnyooshea kidole, akafungua mdomo, akaanza kulia. Jioni Yudith alifunua kopo. Arobaini na mbili. Alipobonyeza alisikia "paka," na hii haikuwa sauti ya mgeni. Ilikuwa ya Elinuru mwenyewe, ile ile, yenye mate kidogo kwenye ulimi.

Siku ya tatu likaenda neno "uji." Siku ya nne "maji." Mtoto alipata kiu, akawa anavuta tu kikombe na kutetemeka.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo Yudith aliona haya kulisema. Elinuru alikuwa ameachishwa ziwa tangu Krismasi, na maziwa yalikuwa yameshakauka. Sasa kila jioni, ukungu ukigusa mlango, matiti yake yalijaa mpaka yakauma. Yalilowesha kanga. Elinuru alipopelekwa ziwani aligeuza uso. Maziwa yale hayakuwa yake.

Mwinjilisti Yohane alikuja kuwaombea. Alikuwa mzee wa magoti mabovu, na alipanda kilima kile kwa miguu akiwa amebeba na sukari nusu kilo ya kuwapa. Alimwekea mtoto mkono kichwani, akaomba kwa muda mrefu. Alipomaliza, wote watatu walisema, "Amina."

"Amina," kikasema kitu ndani ya kopo.

Kiredio kilikuwa kimezimwa.

Mwinjilisti aliiacha Biblia yake mezani, akaomba iachwe hapo hapo, akaondoka akishikilia ukuta.

Ndipo Bibi Marietha alipomketisha Yudith karibu na moto na kumuuliza taratibu, kwa Kishambaa, kama mtu anayeuliza mahali panapouma. Alipohamia Kiswahili, Yudith alijua swali lenyewe limefika.

"Ulimwitikia?"

"Nilidhani ni mtoto, mama."

"Ulisema nini?"

"Nilisema marahaba."

"Marahaba tu?"

Yudith alitazama moto. "Nilisema… marahaba, mwanangu."

Bibi Marietha alivuta kanga yake mpaka usoni. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba marahaba peke yake ingekuwa nafuu. Marahaba ni kupokea salamu. Lile neno la pili ni kumpokea mtu.

Asubuhi Elinuru hakumwita tena bibi yake. Adhuhuri alisukuma kijiko, akatikisa kichwa, na lile neno lake la kukataa halikuja. Yudith alihesabu. Lilikuwa limebaki moja tu. Alimfunga mtoto mgongoni, akakichukua kiredio, akashuka Bumbuli kwenye kibanda cha ufundi cha Nassoro.

Nassoro aliacha kazi zake alipomwona. Hakuuliza mengi. Alimfungulia daftari la matengenezo, akapata jina la yule mama aliyekileta: Zakia, mchumaji wa kutoka mbali, anakaa kwenye kambi ya wafanyakazi upande wa pili wa kiwanda. Akaufunga mlango wa kibanda chake, akawasindikiza mpaka njia panda, akamvika Elinuru koti lake la mvua, likafika chini kama gauni.

Zakia alikuwa mwembamba, na macho yake yalikuwa ya mtu anayelala kwa zamu. Alitoka akitabasamu kumpokea mgeni. Alipoona uzi mweusi ukining'inia kwenye vidole vya Yudith, tabasamu lilibaki mdomoni lakini mwenyewe hakuwepo tena. Akaweka kidole kwenye midomo. Akachukua ndoo, akaonyesha kiredio kiwekwe chini, akakifunika kwa ndoo, na juu ya ndoo akatandika blanketi. Ndipo akamvuta Yudith ndani, akampa kigoda, na kumwekea Elinuru bakuli la uji wa moto. Kwenye kitanda, ndani ya chandarua, alilala mtoto mchanga.

Alizungumza kwa kunong'ona, mdomo ukiwa karibu na sikio.

Alikuwa na binti, Rahma. Alimrekodi shambani kwa kile kiredio siku ile mtoto alipojifunza kusalimu, kwa sababu ilimchekesha kumsikia. Wiki iliyofuata ikaja homa. Siku tatu tu. Baada ya mazishi alikuwa akikisikiliza usiku na mchana, hakula, hakulala, mpaka mtu mmoja akampeleka kwa mganga huko chini tambarare. Mganga alifunga mafundo. Alisema mtoto atakaa humo maadamu anasalimu na mama yake anaitikia.

"Niliitikia mwaka mzima," Zakia alinong'ona. "Nilifurahi, dada yangu. Sikudanganyi. Nilifurahi."

"Kisha?"

"Kisha akaanza kukua."

Rahma alichoka kukaa. Alitaka kutoka. Lakini alikufa akiwa na maneno mawili tu, na mtu hatoki bila maneno. Zakia alipopata mimba nyingine, alisikia kutoka kwenye kiredio sauti ikiuliza uliza kwa kuguna, ikinusa, kama mbwa kwenye mlango wa jiko. Akaogopa. Akanyamaza. Akakipeleka kwa fundi, akasema kimeharibika, akakimbia. Alidhani kitakaa mezani mpaka betri imalizike, na mwanawe apumzike.

"Nikikitupa motoni?" Yudith aliuliza.

"Cha nani kitaungua? Maneno ya mwanao yamo humo."

"Betri ikiisha?"

Zakia alitikisa kichwa. Betri ikifa kabisa, chote kilichomo kinapotea.

Yudith alimshika mikono yote miwili. Alimsihi atoke pale mlangoni, aseme mara moja tu, marahaba mwanangu, amchukue wake. Ni wake. Alimzaa yeye.

Zakia alitazama chandarua. Machozi yalimtoka, lakini nyuma ya machozi Yudith aliona kitu ambacho hatakisahau. Aliona mtu anayetua mzigo.

"Una mama mwingine sasa," Zakia alinong'ona, na hakuwa anamwambia Yudith. Alikuwa anaiambia ile ndoo.

Alipowatoa nje alimvua mtoto wake mchanga kofia ya sufu, akamvalisha Elinuru, akaifunga chini ya kidevu kwa fundo laini. Akaomba asamehewe. Kisha akaingia ndani, na Yudith akasikia komeo.

Alipokiokota kiredio, taa yake ilikuwa nyekundu.

Wiki nzima ya ukungu, sola ya nyumbani ilikuwa haijaingiza kitu. Taa ilikuwa inafumba na kufumbua. Yudith alirudi kugonga kwa Zakia, aombe kuchaji. Hakufunguliwa. Umeme wa karibu ulikuwa kwenye duka la Janeth, getini kwa kiwanda, ng'ambo ya shamba. Alikaza mbeleko, akaingia kwenye chai.

Jua lilikuwa halijazama, lakini humo ndani ya ukungu hapakuwa na jua. Palikuwa na weupe tu. Alikimbia. Matawi ya chai yalimkwangua mapaja.

Chwa… chwa… chwa…

Alisimama. Majani hayakusimama.

Udongo mbichi. Harufu ilikuwa nzito kiasi cha kuonja.

"Shikamoo mama."

Yudith alibana meno. Maziwa yalimtoka yenyewe, ya moto, yakashuka mpaka kiunoni. Taa ikafumba, ikafumbua. Mgongoni Elinuru alijikunja, akamshika shingo kwa vidole vya baridi.

"Mama," Elinuru alisema.

Lilikuwa neno lake la mwisho, na alilisema vizuri, kama mtoto anayerudisha kikombe alichoazimwa.

"Shikamoo mama," sauti ilirudia. Ilikuwa karibu mno. Yudith hakuweza tena kujua imetoka kwenye kiredio au imetoka nyuma yake. Na ndipo, akiwa amechelewa wiki nzima, alipokumbuka kufanya lile alilofundishwa kila mchumaji.

"Nani?" aliuliza.

Kimya. Hata majani yalinyamaza.

"Ni mimi, mama."

Pumzi ya maneno hayo ilimgusa shingoni. Ilikuwa na joto. Elinuru hakuwahi kuwa na neno "ni." Hakuwahi kuwa na neno "mimi."

Na kwenye kiredio, chini ya taa nyekundu, mtoto alianza kulia kwa hofu ya mtoto aliyeamka kwenye chumba cha watu wengine.

"Mama… mama… mama…"

Hakukumbuka namna alivyofika getini. Janeth, mwenye duka, alipomwona hakumuuliza kitu. Alichomoa friji lake mwenyewe, akachomeka chaja, akamfunika Yudith kwa shuka aliyokuwa anaiuza. Taa ikaacha kufumba. Yudith alikiweka kiredio sikioni. Kilio kilikuwa kimepungua, kimebaki kwikwi. Mgongoni, mtoto wake aliuliza kwa sentensi nzima kama wamefika nyumbani.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu siku ile. Mtoto anazungumza. Anazungumza kuliko wenzake wote wa rika lake, anasalimia wazee njiani mmoja mmoja, na kanisani walitoa sadaka ya shukrani. Nesi wa kliniki alimkumbatia Yudith akamwambia, unaona, nilikuambia mwimbie. Edgar, mume wake, aliporudi kutoka Shume anakopasua mbao, binti yake alimpokea mlangoni kwa jina, na mwanaume yule mkubwa akaenda nyuma ya nyumba kulia asionekane. Yudith angemwambia nini?

Bibi Marietha anajua. Hajasema, ila hamwiti tena mjukuu wake kwa jina lake. Anamwita "mtoto."

Na ni mtoto mzuri. Hilo ndilo gumu kuliko yote. Humletea Yudith maji akirudi shambani. Humfunika miguu akisinzia. Yudith humwogesha, humsuka, na harufu ya udongo iliyo kwenye utosi wake haitoki kwa sabuni yoyote. Humwonea huruma. Hakuomba kufa akiwa na maneno mawili. Lakini anyonyapo, Yudith hutazama ukutani.

Kila jioni huketi mlangoni na kiredio sikioni. Kwanza betri ilikuwa ikimaliza siku nzima. Kisha nusu siku. Sasa haifiki saa moja, na hukiacha kwenye chaja hata akienda kuchuma, na moyo wake wote hubaki umechomekwa pale ukutani. Alikipeleka kwa Nassoro. Nassoro alikifungua, akasema betri za namna ile hazitengenezwi tena. Amtafutie kingine kizuri, cha vitufe, amhamishie vyote vilivyomo.

"Vyote?"

"Vyote, mama. Nyimbo zako zote arobaini."

Yudith alimwomba aangalie tena. Aliangalia, kwa uvumilivu, mara tatu. Arobaini. Akamrudishia, akakataa kulipwa.

Leo ukungu umeinyima sola jua siku nzima, na umeme nao ulikatika tangu mchana, kijiji kizima mpaka kiwandani. Yudith amekaa mlangoni. Ukungu umeshafika kwenye ngazi. Taa ni nyekundu, inafumba, inafumbua, na kila ikifumba inachelewa kidogo zaidi kufumbua.

Mlango wa ndani ulifunguliwa taratibu. Mtoto alitoka na kikombe cha maji, akikishika kwa mikono miwili kisimwagike.

"Shikamoo mama," alisema.

"Shikamoo mama," kikasema kiredio, kwa sauti yenye mate kidogo kwenye ulimi.

Yudith alifungua mdomo.

"Marahaba…"

Wote wawili walinyamaza, wakisubiri amalizie.